Juu ya Kitabu cha Vatsyayana, na Neno "Kama" katika Mafundisho ya Wahindu wa Kale

Viko vitabu vyenye msiba wa kujulikana kwa jina tu. Kama Sutra, kitabu kilichotungwa kwa Kisanskriti na Vatsyayana Mallanaga yapata karne ya tatu baada ya Kristo, ni kimojawapo. Mtu asiyejua jina la kitabu kingine chochote cha Bara Hindi amelisikia hili. Naye akilisikia hutabasamu au hugeuza uso, kwa vile ameambiwa ya kuwa ni kitabu cha mikao ya kitandani, basi. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na neno hilo lafaa hata kwa nyumba mbaya, maana ubaya wake nao haujulikani mpaka mtu ameingia. Katika kurasa hizi twataka kuingia, tutazame vyumba vyote, tuseme lililo jema na lililo baya, kisha tutazame jambo lililo la kazi yetu hasa, yaani lugha: neno hili "kama" twaweza kulitia katika Kiswahili kwa neno gani?

Huenda mwalimu au kasisi akauliza, Ya nini kujishughulisha na kitabu cha namna hii? Jibu letu ni fupi. Wahindu ni jirani zetu mijini, na watoto wao huketi darasani pamoja na wengine. Si adabu kumdhania jirani mambo ya kitabu ambacho hatukukisoma. Tena vijana wetu hulijua jina la kitabu hiki kwa picha na mzaha, na kijana akimwuliza mwalimu wake, mwalimu hana budi kuwa na neno la kweli la kumjibu.

Tuanze na jina lenyewe. Msomaji wa Kiswahili aonapo neno "kama" hufikiri kile kiungo chetu cha kufananisha au cha sharti, au kazi ya kukama ng'ombe. Neno la Kisanskriti halina udugu na hayo; silabi yake ya kwanza hutamkwa kwa kuvutwa, na maana yake ni pana sana. Ni haja ya moyo kwa kitu chochote. Ni upendo wa mume na mke. Ni raha ya macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Tena ni jina la mungu, Kamadeva, ambaye upinde wake ni muwa, ugwe wake ni nyuki walioshikana mstari, na mishale yake mitano ni maua. Hadithi yasema ya kuwa alithubutu kumpiga mshale Shiva alipokuwa amezama katika kutafakari, naye Shiva akamteketeza kwa moto wa jicho lake la tatu. Kwa hiyo huitwa pia Ananga, yaani asiye na mwili. Watu wa kale waliona vema ya kuwa hamu ya moyo ni kitu chenye nguvu ingawa hakishikiki kwa mkono.

Sutra, kwa asili, ni uzi. Ni jina la mtindo wa kuandika kwa maneno machache mno, kila neno likifungwa na mwenzake, ili mwanafunzi aweze kuyashika moyoni na mwalimu kuyafumbua. Basi jina zima lingeweza kufasiriwa "Uzi wa Kama". Lakini hapo ndipo mfasiri akwamapo. Akiandika "tamaa", neno hilo katika vinywa vyetu limekwisha kuelekea ulafi na hasara; mshtakiwa amehukumiwa kabla ya kusikizwa. Akiandika "mahaba", amemwachilia huru kabla ya ushahidi. "Ashiki" ni sehemu moja tu ya jambo, nayo ni ile iliyo kali. "Anasa" yanukia karamu na upotevu. "Mapenzi" ni mema, ila hayaingizi raha ya kusikiliza zeze wala ya kunusa ua, nazo kwa Vatsyayana ni kama vilevile. Kila neno letu lakata kipande kimoja cha nguo, wala hapana lililo nguo nzima. Tutalirudia jambo hili mwishoni, maana halikatiki mpaka tumekwisha kukiona kitabu.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa Wahindu wa kale hawakuwa na kauli moja katika habari hii. Katika Rig Veda, kitabu cha 10, uko wimbo wa mwanzo wa ulimwengu usimuliao ya kuwa hamu ilitangulia, ikawa mbegu ya kwanza ya fikira. Hapo kama si dhambi wala si mchezo. Ni chanzo cha kuwako kwa vitu. Lakini katika Katha Upanishadi twasikia sauti nyingine. Kijana Nachiketas amefika nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti, akataka kuambiwa siri ya kufa. Yama amjaribu kwa kumpa mali, maisha marefu, na wanawake wazuri wenye magari na vinanda. Kijana akataa, kwa kuwa vitu hivyo huzichosha nguvu za mtu kisha hupita. Ndipo Yama amfundisha mfano wa gari: mwili ni gari, milango ya maarifa ni farasi, moyo ni hatamu, akili ni mwenye kuendesha. Jambo lililo jema na jambo lipendezalo ni njia mbili, na mwenye hekima huchagua lililo jema.

Katika sheria za Manu na katika Mahabharata mafundisho haya yamekazwa zaidi. Mfalme Yayati, aliyelaaniwa akapata uzee kabla ya wakati, aliwasihi wanawe wambadilishie ujana wao. Akakubali mmoja tu, Puru, aliyekuwa mdogo wao. Yayati akastarehe miaka elfu kwa ujana wa mwanawe, kisha akaurudisha, akikiri ya kuwa hamu haizimwi kwa kupewa itakavyo, bali huongezeka kama moto umwagiwapo samli. Na Bhagavad Gita, iliyomo ndani ya Mahabharata, yaonyesha ngazi ya kushuka: mtu akiviwaza mno vitu vya anasa hushikamana navyo, mshikamano huzaa hamu, hamu huzaa hasira, na hasira huvuruga fahamu hata mtu apotee. Walakini katika Gita hiyohiyo, sura ya 7, Krishna ajitaja kuwa ndiye hamu iliyomo ndani ya viumbe, ile isiyopingana na dharma. Hivyo kitabu kimoja chakanya na chakubali, na kipimo ni dharma.

Juu ya msingi huo ndipo waalimu walipoweka makusudi matatu ya maisha ya mtu: dharma, yaani wajibu na mwenendo wa haki, artha, yaani mali, cheo na maslahi, na kama. La nne, moksha, ni kufunguliwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mfasiri asiandike hapa "wokovu" kwa haraka, kwa sababu neno letu lataka mwokozi, na katika fundisho hili sharti hilo halimo. Artha ilipata kitabu chake mashuhuri, Arthashastra ya Kautilya. Na Vatsyayana, atungapo kitabu cha kama, afuata mpango wa kitabu kile katika kugawa milango na katika kushindana na waalimu waliomtangulia.

Sasa tuingie chumba kwa chumba. Kitabu chajigawa chenyewe katika vitabu 7, sura 36, na mafungu 64. Kitabu cha 1, chenye sura 5, ni cha utangulizi: makusudi ya maisha, elimu, na maisha ya mtu wa mji. Cha 2, sura 10, ni cha unyumba. Cha 3, sura 5, ni cha kuposa na kuoa. Cha 4, sura 2, ni cha wake wa nyumbani. Cha 5, sura 6, ni cha wake za watu wengine. Cha 6, sura 6, ni cha makahaba. Cha 7, sura 2, ni cha dawa na hirizi. Basi habari za unyumba ni sura 10 katika 36, na zile za mikao ambazo kwazo kitabu kinajulikana ulimwenguni hazijai hata hizo 10. Atakayekiita kitabu cha mikao ni sawa na mtu aitaye nyumba nzima kwa jina la dirisha moja.

Vatsyayana hajidai kuwa ndiye wa kwanza. Ataja waliomtangulia, kama Shvetaketu mwana wa Uddalaka, na Babhravya wa nchi ya Panchala, na Dattaka aliyeandika habari za makahaba wa Pataliputra. Naye asema amekusanya yaliyotawanyika na kufupisha yaliyokuwa marefu. Desturi yake ni kutoa kwanza neno la mpinzani, kisha neno la mwalimu mmoja, kisha neno la wa pili, na mwisho kusema lake. Tabia hii twaisifu, maana msomaji huona mizani na si uzito tu.

Mashindano yaliyo bora yamo katika sura ya 2 ya kitabu cha kwanza. Wapinzani wasema ya kuwa raha haifai kufuatwa, kwa kuwa huzuia dharma na artha, humkutanisha mtu na watu wabaya, na humharibu. Tena watoa mifano ya Ravana aliyeangamia kwa ajili ya Sita, na Kichaka aliyeuawa kwa ajili ya Draupadi. Vatsyayana hakani ya kuwa hatari iko. Ajibu ya kuwa raha kwa mwili ni kama chakula, nayo ni matunda ya dharma na artha; iliyo na hatari yataka mwangalizi, haitaki kukatazwa. Watu hawaachi kuteleka chungu kwa sababu waombaji wapo, wala hawaachi kupanda shayiri kwa sababu paa wapo porini. Huu ni mfano wa mkulima na mpishi, nao washika. Tena ampa kila rika wakati wake: utoto ni wa kujifunza, ujana ni wa raha, uzee ni wa dharma na moksha, na yakishindana, dharma ina daraja kuliko artha, na artha kuliko kama, isipokuwa kwa watu wachache ambao kazi yao yabadili mpango, kama mfalme.

Kisha laja swali ambalo kila mwalimu wa jando na kila somo wa mwari angelitambua: Mambo haya yahitaji kufundishwa? Wapinzani wasema wanyama hawafundishwi nao hawakosei. Vatsyayana ajibu ya kuwa mnyama huongozwa na majira yake, wala hafikiri kabla. Bali mwanamume na mwanamke hutegemeana, na palipo na kutegemeana pana haja ya njia, na njia hujulikana kwa elimu. Hapa twaona moyo wa kitabu chote. Hoja si ya kuwa raha ni njema; hoja ni ya kuwa mtu asiyefundishwa humdhuru mwenziwe. Nasi tusemao, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hatuna haki ya kuicheka hoja hii.

Katika sura ifuatayo mpinzani adai ya kuwa wanawake wasifundishwe elimu hii, kwa vile hawawezi kufahamu vitabu. Vatsyayana amjibu ya kuwa wanawake wanajua kutenda, na kutenda kumetoka katika elimu; tena wako wanawake, binti za wafalme na za mawaziri, na makahaba pia, waliosoma na kufahamu. Ndipo aorodhesha sanaa 64 zifaazo kujulikana: kuimba, kucheza ngoma, kuchora, kusuka mataji ya maua, kupika, kushona, kutega na kutegua vitendawili, hata useremala na ujenzi. Na katika kitabu cha 4 mke ndiye mwenye hesabu ya nyumba: hupima mapato ya mwaka, hutoa matumizi kwa kadiri yake, huweka akiba ya chumvi na mafuta, hupanda mboga na maua bustanini. Mambo haya ya ghala na jembe hayakuwafikia wauzaji wa picha.

Lakini sura tuipendayo kuliko zote ni ya 2 katika kitabu cha 3, juu ya kumwondolea mwari hofu. Harusi imekwisha. Kwa siku tatu bwana na bibi hulala chini, hula chakula kisichotiwa chumvi, wala hawakaribiani. Babhravya aliona hatari hapa, ya kuwa bibi atachoka kumwona mume amekaa kimya kama nguzo; basi Vatsyayana ataka mume aanze kumzoeza kwa maneno na upole, ila asivunje kujizuia. Siku saba zinazofuata ni za kuoga, ngoma, kujipamba na kula pamoja na jamaa. Hata usiku wa kumi mume aje taratibu, aongee, aulize, angoje jibu, wala asishike jambo kwa nguvu. Sababu yake ni kwamba mwanamke ni mwororo kama ua. Akishikwa kwa ukali na mtu asiyemwamini bado, huingiwa na chuki ya jambo lenyewe, na pengine ya wanaume wote. Na katika kitabu cha 2, wanapobishana waalimu kama mwanamke hupata raha kama mwanamume, Vatsyayana akata shauri ya kuwa wote wawili ni jamii moja ya viumbe, basi na raha yao ni moja. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Mwenye kuandaa vijana kwa ndoa asiyeona faida katika sura hii, twadhani hakuisoma.

Sasa haki yataka tuyaseme na maovu, wala tusimpime mtungaji kwa kipimo cha mbali, bali kwa hicho chake mwenyewe. Sura tatu tu baada ya ile ya mwari, katika kitabu hichohicho cha 3, atupangia njia za kumpata mke. Aanza na zile za kupendana, nazo azisifu. Amaliza na kumlevya msichana kwa kinywaji, na kumnyakua njiani kwa kuwashambulia walinzi wake. Ni kweli azipanga kwa daraja, na za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Lakini za mwisho hazikatazi. Limekwenda wapi lile ua? Mtu aliyetufundisha ya kuwa hofu ya usiku mmoja yaweza kuharibu moyo wa mwanamke maisha yake yote, sasa aorodhesha kileo na kunyakua kana kwamba ni bidhaa za bei ya chini.

Katika kitabu cha 5 hali ni mbaya zaidi. Humo mna mafundisho ya namna ya kumpata mke wa mtu, kwa wajumbe, zawadi na hila. Na mwishoni mtungaji asema ameyaandika ili waume wajue hila hizo, wawalinde wake zao. Mahali pengine atoa udhuru wa jumla: si kila lililoandikwa katika elimu ni la kutendwa, vitabu vya utabibu hutaja hata nyama ya mbwa, ladha yake na nguvu zake, je, mwenye akili ataila? Udhuru huu una ukweli wake, na kila mwalimu wa elimu huuhitaji. Walakini tabibu aliyetaja nyama ya mbwa hakufundisha namna ya kumwiba mbwa wa jirani. Kutaja ni jambo moja. Kuonyesha njia hatua kwa hatua ni jambo jingine.

Tena mna fungu moja katika sura ya 5 ya kitabu hicho ambalo twaliona kuwa ndilo doa kubwa kuliko yote. Lahusu jumbe wa kijiji na wakubwa kama yeye, na wanawake maskini waendao kumfanyia kazi, kujaza ghala, kuingiza na kutoa vitu, kufagia nyumba, kulima shamba. Hao, asema, hupatikana kwa neno tu. Hapa hapana siku tatu za kujizuia, hapana kungoja jibu, hapana ua. Upole wa kitabu ni wa binti wa nyumba yenye nafasi. Mwanamke mwenye jembe mkononi hakufikiwa nao. Kosa hili halikutokana na kuandika mno habari za mwili, kama wengi wadhanivyo. Limetokana na kumsahau mtu mmoja katika wale wawili wanaotegemeana, kwa sababu ni maskini. Kwa maneno yake mwenyewe Vatsyayana amejihukumu: palipo na kutegemeana pana haja ya njia, naye hapa hakuitafuta njia, kwa kuwa aliona mwenye nguvu hamtegemei mtu.

Mtungaji amaliza kitabu kwa kusema ya kuwa alikitunga akiwa katika usafi wa kujizuia na katika kutafakari kukubwa, kwa ajili ya maisha ya watu na si kwa ajili ya kuchochea ashiki. Na ya kuwa mwenye kukifahamu sawasawa atakuwa bwana wa milango yake ya maarifa. Hapo twasikia tena mfano wa gari la Yama. Katha Upanishadi yataka hatamu zikazwe ili gari lifike mbali. Vatsyayana ataka hatamu zishikwe ili farasi wasimwangushe aliyeketi kando. Hawa wawili si maadui kama watu wadhanivyo.

Imebaki kueleza kitabu hiki kilivyopata jina baya. Ulaya ilikipokea mwaka 1883, kilipopigwa chapa kwa siri kwa jina la chama kilichoitwa Kama Shastra Society, kwa kazi ya F. F. Arbuthnot, aliyekuwa mtumishi wa serikali Bombay, na Richard Burton. Huyu Burton si mgeni katika habari zetu: ndiye aliyefika Unguja mwaka 1856, akaondoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, wakafika Ujiji Februari 1858. Lakini wenye kukijua Kisanskriti walikuwa wanachuoni wa Kihindi, Bhagvanlal Indraji na Shivaram Parashuram Bhide. Nakala ya Bombay ilikuwa na upungufu, ikabidi kuagiza nakala za Benares, Calcutta na Jaipur, zilinganishwe. Kazi hiyo ya subira ni yao, na wengi walitajao jina la Burton hawayajui majina yao. Kwa sababu ya sheria za wakati ule kitabu hakikuuzwa hadharani Uingereza wala Marekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na kitabu kinachouzwa kwa kificho hununuliwa kwa ajili ya kificho.

Tena tafsiri ile ina makosa yenye uzito. Mwaka 2002 Wendy Doniger, mwanachuoni wa Marekani, pamoja na Sudhir Kakar, mwanachuoni wa Kihindi wa elimu ya nafsi, walitoa tafsiri mpya kwa Oxford University Press. Doniger ameonyesha mahali katika kitabu cha 4 ambapo mke aliyekosewa na mume asiye mwaminifu apewa ruhusa ya kumkemea kwa maneno makali. Katika tafsiri ya 1883 imeandikwa kinyume, ya kuwa asitumie maneno makali, bali ya kupatanisha. Neno moja la kukana lililotiwa pasipo mahali pake limenyamazisha kinywa cha mke kwa zaidi ya karne nzima. Vilevile viungo vya siri viliitwa mle kwa maneno mawili ya Kisanskriti ambayo mtungaji mwenyewe aghalabu hayatumii, hata mambo ya nyumba ya kila mtu yakawa kama mambo ya ajabu ya nchi ya mbali. Na watu wakachanganya kitabu na sanamu za mahekalu ya Khajuraho, ingawa mahekalu hayo yalijengwa kati ya mwaka 950 na 1050 au karibu, yaani miaka mia saba hivi baada ya Vatsyayana.

Basi turudi kwa Kiswahili, tukiwa na mashahidi wote mbele yetu. Shauri letu ni hili. Pale ambapo kama ni nguvu ya moyo imsukumayo mtu, kama katika Rig Veda na Gita, tuandike "hamu", neno lisilohukumu. Pale ambapo ni kusudi la tatu la maisha, karibu na dharma na artha, tuandike "raha", kwa kuwa raha kwetu ni ya mwili na ya moyo pia, nayo huwa halali au haramu kwa kadiri ya njia yake. "Tamaa" tuiweke akiba kwa Ravana na Yayati, ambao kwao yafaa. Na kwa habari za kitabu cha 2 tusiazime lugha ya hospitali wala ya vibarazani. Tunayo maneno yenye heshima, "unyumba" na "faragha", na waliofasiri kitabu cha Mwanzo walituonyesha zamani ya kuwa kitenzi "kujua" chatosha kubeba mengi bila kumtahayarisha msomaji.

Na kijana akiuliza, tumjibu hivi: kitabu hicho kina sehemu saba, kimefundisha ya kuwa raha bila elimu huumiza, na ya kuwa mwanamke aogopaye angojewe, kisha kimemsahau mwanamke maskini aliyekuwa akijaza ghala la mkubwa. Akitaka kujua zaidi tumpe sura ya mwari aisome, na baada yake fungu la jumbe wa kijiji, aziweke pamoja, atuambie mwenyewe mwalimu yule alipokosea.